Mashine ya kufulia imegoma kutoa maji, inanguruma tu. Naomba msaada

MamaTwalib

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za kufulia. Yangu ni ya mlango wa mbele, kilo 7, ina miaka 4. Leo imefua vizuri, ilipofika pa kumwaga maji ili isuuze ikagoma. Maji yamefika karibu nusu ya kioo, mlango umejifunga, na ndani kuna shuka na sare za shule za Jumatatu.

Nikiiwekea kukamua peke yake inanguruma kwa chini kwa dakika chache, halafu inanyamaza na kuonyesha hitilafu ya kutoa maji. Mpira wa kutolea maji umeingia kwenye bomba la ukutani, bomba hilohilo linapokea na maji ya sinki. Natumia maji ya kisima. Fundi niliyempigia simu kasema pampu imekufa ninunue nyingine, na hajaiona mashine. Kabla sijatoa hela naomba kujua nianzie wapi, na kipi naweza kufanya mwenyewe bila kuharibu.

Bisibisi_Temeke

Dada, pampu usinunue bado. Huo mngurumo ni habari njema. Pampu ambayo koili yake (waya uliosokotwa wa mota) imekatika haitoi sauti yoyote, iko kimya kabisa. Ikinguruma, umeme unaifikia na koili iko hai. Hapo kinachobaki mara nyingi ni kwamba propela (kifeni kinachosukuma maji) imekabwa na kitu, au inazunguka lakini maji hayana njia. Yote mawili kwa kawaida ni uchafu, na uchafu hauhitaji spea.

Kuhusu hitilafu inayoonyesha, na kwa wengine watakaosoma baadaye: LG huandika OE, Samsung 5E au 5C (za zamani SE), Bosch E18, Electrolux na Zanussi E20. Zote zinasema kwamba maji hayajapungua ndani ya muda uliopangwa. Hakuna hata moja inayosema pampu imekufa. Fundi anayekata shauri kwa herufi hizo peke yake anabahatisha kwa pesa yako.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa plagi ukutani, usiridhike na kuzima swichi ya mashine. Funga na bomba linaloingiza maji. Kama ulikuwa unafua kwa nyuzi 60 au 90, subiri maji yapoe, maana yatakumwagikia mikononi.

Kabla hujagusa filta, toa maji kwa njia rahisi. Chomoa ule mpira wa kutolea maji ukutani, ushushe mpaka chini sakafuni, mdomo wake uelekeze kwenye tundu la maji la bafuni au nje kama kuna mteremko. Ukiwa chini kuliko maji ya ndani, yatashuka yenyewe. Yakitoka kwa nguvu, njia iko wazi na tatizo liko mbele, kwenye bomba la ukutani, au propela haizunguki. Yakigoma au yakidondoka tone tone, kuna kilichoziba kwenye filta, ndani ya pampu au kwenye mipira. Jibu hilo liandike mahali, tutalihitaji.

Yasipotoka, nenda mbele ya mashine chini, mara nyingi kona ya kulia. Kuna kimlango kidogo, kifungue kwa sarafu au bisibisi bapa. Ndani utaona kifuniko cha duara cha filta, na kwa mashine nyingi pembeni yake kuna kimpira chembamba chenye kizibo. Usikimbilie kufungua filta! Mashine iliyojaa hadi nusu ya kioo ina maji kama lita 15 hata 20, na ndoo haiingii pale chini. Tumia trei ya kuokea au beseni fupi. Vuta kimpira, toa kizibo, trei ikikaribia kujaa rudisha kizibo, mwaga, rudia. Mashine isiyo na kimpira hicho, filta unaizungusha kinyume cha saa kidogo kidogo mpaka maji yaanze kuchuruzika, trei ikijaa unaikaza tena. Usiifungue yote kwa mkupuo.

Maji yakiisha, toa filta. Utakuta nyuzi, nywele, vibanio, sarafu, njiti za kiberiti, vifungo. Isafishe kwa brashi ya meno. Kisha mulika tochi ndani ya tundu, mwishoni utaona propela ndogo ya plastiki. Izungushe kwa kidole au kijiti. Hapa ndipo wengi hukosea: propela nzima haizunguki kwa ulaini, inashtuka shtuka, kama kuna kitu kinaivuta halafu kinaiachia. Hiyo ni sumaku ya rota (sehemu ya mota inayozunguka), ndivyo inavyotakiwa. Ikizunguka bure bila mshtuko wowote, imeachana na mhimili wake au sumaku imevunjika. Ikigoma kabisa kuna kitu kimejisokota kwenye shingo yake, mara nyingi uzi, nywele au waya wa sidiria. Kitoe kwa plaizi yenye mdomo mrefu, taratibu, mapanga yake huvunjika kirahisi.

Kurudisha filta: futa mchanga wote kwenye mpira wake wa duara na kwenye nyuzi za tundu, ikaze mpaka mwisho. Mchanga mmoja tu pale unatosha kuifanya ivuje. Mimina lita 2 za maji kwenye droo ya sabuni, chomeka plagi, weka programu ya kutoa maji, angalia kama pale chini ni pakavu.

Kijana_wa_Tegeta

Njia fupi: mimina dawa ya kuzibua mabomba ndani ya ngoma, iache saa moja, washa. Inakula uchafu wote, huna haja ya kufungua chochote.

Bisibisi_Temeke

Hapana mkuu, hilo tafadhali lisifuatwe na mtu. Dawa nyingi za kuzibua mabomba ni magadi makali. Msalaba unaoshika ngoma kwa nyuma ni wa alumini, na magadi makali yanakula alumini. Msalaba ukikatika mashine imekwisha, gharama yake inakaribia mashine nyingine. Tena sarafu na waya wa sidiria haviyeyuki kwa dawa hiyo. Utabaki na lita 20 za maji ya kuunguza ambayo mtu atalazimika kuyatoa kwa mikono kupitia filta. Na kama yameshamiminwa, fundi aambiwe kabla hajashika chochote.

Bomba_na_Sinki

Niongezee upande wa ukutani, kwa sababu dada amesema mpira na sinki vinatumia bomba moja. Hapo pana matatizo yake.

Jaribio la kwanza, baada ya filta kusafishwa: mdomo wa mpira uweke kwenye ndoo ya lita 10 iliyokaa juu ya stuli, urefu wa sentimita 60 au 70 kutoka sakafuni, mtu aushike au uufunge kwa kamba usiruke. Mimina maji ndani ya mashine, weka programu ya kutoa maji. Pampu nzima inaijaza ndoo hiyo ndani ya dakika moja, kwa hiyo kaa karibu na kitufe cha kusimamisha. Ikijaa hivyo, mashine haina kosa, kosa liko kwenye bomba la jengo. Ikitoka kwa unyonge, rudi kwenye mashine.

Jaribio la pili: ndoo hiyohiyo ya maji imwage kwa haraka moja kwa moja kwenye bomba la ukutani. Yakirudi juu au yakaibukia kwenye sinki, kuna mafuta na mabaki ya chakula yameganda kwenye kona ya chini ya sinki. Fungua ile kona yenyewe kwa mkono, kopoa, rudisha. Pampu ya mashine ni ndogo, wati 30 hivi, haina nguvu ya kusukuma uchafu wa jiko.

Halafu angalia ulivyofungwa. Mdomo wa mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukipandishwa juu ya mita moja, kama wanavyofanya wanaoutundika dirishani, pampu inachoka na maji yanabaki. Ukiwa chini sana, maji yanajivuta yenyewe na mashine inamwaga huku inajaza, haimalizi kufua. Ndani ya bomba la ukutani usiuzamishe zaidi ya sentimita 15, na usizibe ukingo kwa silikoni, lazima hewa ipite. Mwisho, chungulia nyuma: mashine ikisukumwa sana ukutani mpira hujikunja pale unapotokea, na mkunjo mmoja unatosha kuleta hitilafu hiyohiyo.

MamaTwalib

Asanteni sana, Mungu awabariki. Majibu ni haya: mpira ulipowekwa chini maji yalitoka kidogo kidogo tu. Filta imetoa sarafu ya 200, kibanio na tope jembamba la mchanga. Propela ipo nzima na inashtuka kama ulivyosema. Baada ya kusafisha, kwenye ndoo maji yanatoka lakini kwa unyonge, dakika nzima ndoo haijafika hata nusu. Nyuma hakuna mkunjo. Bomba la ukutani nimelimwagia ndoo nzima, limepokea bila shida. Sasa ndiyo pampu?

Rota_na_Koili

Bado, mama. Umeshaondoa ukuta, filta na propela kwenye orodha. Kimebaki kipande ambacho wengi hawakifikirii: bomba pana la mpira lenye mikunjo linalotoka chini ya tangi kuja kwenye pampu. Linakaa kabla ya filta, kwa hiyo kuisafisha filta hakuligusi. Kinachopatikana humo mara nyingi ni soksi ya mtoto au kitambaa cha mkono. Nguo ndogo hupenya kati ya ngoma na ule mpira wa mlangoni, hasa ukijaza mashine kupita kiasi, zinazama chini ya ngoma na kusombwa mpaka pale. Soksi haizibi kabisa, inapunguza tu, na ndiyo maana maji yanatoka kwa unyonge hata pampu ikiwa nzima, na ndiyo maana hata mpira ulipokuwa sakafuni hayakushuka kwa nguvu.

Kulifikia: chomoa plagi, hakikisha maji yameisha kabisa mpaka yale ya kwenye filta, toa droo ya sabuni. Mashine ina kilo 60 hadi 70 kwa sababu ya mawe ya zege yaliyomo ndani, msiinyanyue chini ya watu wawili. Ilazeni nyuma ikiegemea ukuta, wekeni kigingi imara mbele, au ilazeni ubavu juu ya godoro. Maji yakibaki ndani wakati wa kulaza yanaweza kukimbilia kwenye bodi ya umeme, ndiyo sababu nasisitiza yaishe. Mashine nyingi chini ni wazi au zina kava jepesi la skrubu chache.

Utaona tangi, pampu, na kati yake bomba jeusi lenye mikunjo. Limeshikwa na klipu za waya kila upande. Bana masikio ya klipu kwa plaizi, isogeze katikati ya bomba, kisha lizungushe bomba kidogo kulia na kushoto ndipo ulivute. Ukilivuta kwa nguvu bila kulizungusha linachanika kwenye mkunjo, na hapo utakuwa umejitengenezea spea ya kununua. Ingiza vidole, toa kilichomo, lioshe. Baadhi ya mashine zina tufe la plastiki ndani yake. Hilo si uchafu, linazuia sabuni isipotee kabla ya kufua. Lirudishe palepale.

Ukiwa huko chini, pima na pampu kabisa. Chomoa waya zake mbili, weka maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Pampu ya kawaida ya volti 220 hadi 240 inasoma kati ya omu 100 na 200. Ikisoma sifuri, imeshoti. Isiposoma chochote, koili imekatika. (Baadhi ya mashine mpya zina pampu yenye waya tatu, hizo hazipimwi hivi, mwachie fundi.) Kupima kama umeme unafika kwenye pampu wakati inafanya kazi, hiyo volti 230 iko wazi mbele ya maji. Si kazi ya kujifunzia nyumbani.

Na maji ya kisima yenye mchanga yanasaga mhimili wa propela polepole. Dalili yake ni propela kuyumba juu chini ukiishika na pampu kukwaruza. Hapo ndipo kununua kunapokuwa haki. Ng'oa ya zamani kwanza uende nayo dukani. Usiende na jina la mashine peke yake. Linganisha inavyofungwa, kwa skrubu 3 au kwa meno ya kuzungusha, plagi ya waya ikae upande uleule, na kibandiko kisome 220–240 V na 50 Hz. Pampu iliyofunguliwa kwenye mashine ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100, ukiiwasha hapa inaungua.

Salma_Kisauni

Nadandia hapa samahani. Mashine yangu ni ya kufungulia juu, haina kimlango cha filta popote. Maji hayatoki ila kidogo, na mpira nimeupeleka kwenye sinki. Haya yote yananihusu?

Rota_na_Koili

Dada Salma, yako huenda haina pampu kabisa. Mashine nyingi za kufungulia juu, na karibu zote za matangi mawili zenye vitufe vya kuzungusha kwa mkono, hutoa maji kwa kushuka tu. Kuna vali chini ya tangi, inafunguka, maji yanateremka. Kwa aina hiyo mpira lazima ulale chini sakafuni, ukielekea kwenye tundu la maji. Ukiupandisha kwenye sinki, maji yatasimama pale usawa wa ndani utakapolingana na usawa wa mpira. Ushushe kwanza kabla hujamwita mtu, huenda shida ikaishia hapo.

Kama ni ya matangi mawili na mpira uko chini tayari, fungua kava la nyuma ikiwa imechomolewa. Kitufe cha kutolea maji kinavuta vali kwa utepe au waya mwembamba. Utepe ukikatika au ukichomoka kwenye ndoano yake, vali haifunguki hata uzungushe kitufe vipi. Na kama utepe uko sawa, ivue vali yenyewe: ni mpira wenye springi, nyuzi na vifungo hukaa chini yake. Usiguse kapasita ya mota, ile kopo yenye waya mbili, hutunza umeme hata plagi ikiwa nje.

Zile za kufungulia juu zinazojiendesha, vali inavutwa na kimota kidogo. Sikiliza wakati wa kutoa maji: ukisikia "tik" na kamba kuvutwa lakini maji hayatoki, ni uchafu kwenye vali. Usiposikia kitu, ni kimota au waya wake.

MamaTwalib

Nawashukuru tena. Tumeilaza kwenye godoro, bomba la chini limetoa soksi na kitambaa cha pua, vimejisokota pamoja na tope. Hakuna tufe. Pampu inasoma omu 158. Tumefunga, ndoo imejaa kabla ya dakika kuisha. Ila kuna jambo jingine limetokea: nimeiwasha kufua sare, imefua, imetoa maji, lakini sasa maji yameisha ndani na bado inaendelea kupampu, inagugumia hewa, haiendi kwenye kukamua. Na povu limejaa hadi mlangoni.

Bisibisi_Temeke

Hongera dada, omu 158 ni pampu nzima kabisa.

Hilo la pili kuna mambo mawili, na povu ndilo naliwekea shaka zaidi. Pampu inasukuma maji, haisukumi povu. Propela ikizungukia ndani ya povu inabeba hewa, na kipimo cha maji kinahisi bado kuna kitu ndani. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, ndiyo maana haifai mashine ya mlango wa mbele. Simamisha, iache saa moja povu lishuke. Weka kijiko kimoja cha siki kwenye droo na lita 2 za maji, toa maji, suuza mara mbili bila sabuni. Baada ya hapo tumia sabuni iliyoandikwa ni ya mashine, vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mzigo wa kilo 7, na kama maji ya kisima chako ni magumu ongeza kijiko kimoja, si kikombe.

Ikiendelea kupampu hewa hata povu likiwa limekwisha, angalia kimpira chembamba kinachopanda kutoka chini ya tangi kwenda kwenye kipimo cha maji kule juu, karibu na bodi. Mlipoilaza, tope la ndani linaweza kuwa limeingia kwenye mdomo wake wa chini, au kimechomoka kidogo. Plagi ikiwa nje, fungua kava la juu (skrubu 2 za nyuma, lisukume nyuma, linyanyue), kichomoe upande wa kipimo, kipulize kwa mdomo kuelekea kwenye tangi. Ukisikia maji yakibubujika kule chini kwa ulaini, njia iko wazi. Usipulize kuelekea kwenye kipimo, kiwambo chake ni chembamba na pumzi ya mtu inaweza kukipasua. Rudisha kimpira mpaka kikae sawasawa, kisivuje hewa hata kidogo, maana mashine inapima maji kwa hewa iliyobanwa humo.